Pijo ya Mwanakheir

Mwanakheir aliporithi pikapu ya marehemu baba yake, mumewe Masoud alifurahi kuliko yeye. Wakati huo alikuwa hajajua ni nani atakayeitengeneza.

Ilikuwa Pijo ya zamani, ya rangi ya kijivu. Mzee Hamad aliibebea nazi, kuni na maharusi wa Jambiani tangu ujana wake. Bodi yake ilikuwa nzima, kwani kila masika yakimalizika mzee alilala chini yake mwenyewe akaipaka mafuta, kutu isiile. Injini ndiyo iliyokufa. Ilinoki njiani Kitogani, ikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani, na mzee naye hakuishi sana baada ya hapo.

Mwanakheir alikuwa akifanya biashara ya mwani. Aliununua mkavu kwa kinamama wa Jambiani na Bwejuu, akawapelekea mjini wanaotengeneza sabuni. Kila mara alikodi gari za watu, na kila mara gari za watu zilichelewa, mvua ikamkuta na magunia barazani. Siku moja akaja dukani kwa mumewe, Mchangani, akaketi kwenye kibao cha wateja.

"Nshaamua," akasema. "Naitia injini mpya ile Pijo. Kuna injini ya Haisi imeshushwa bandarini kutoka Japani, nzima, na kila kitu chake."

Masoud alikuwa mshona kanzu, mtu wa sauti ya chini na vidole vyepesi. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano ya cherehani. "Injini ya Haisi itaingia kwenye Pijo?"

"Itaingia akiwepo wa kuiingiza."

"Nani?"

"Mkadam."

Uzi ukamponyoka. Mkadam alikuwa mume wa kwanza wa Mwanakheir. Walioana wangali vijana, wakakaa miaka michache, wakaachana bila ya mtoto. Masoud alimwoa Mwanakheir baadaye, na siku zote alijifanya hana haja ya kujua waliachana kwa nini. Hakuuliza, naye hakuambiwa. Lakini jambo usilolijua halikai kimya. Masoud alikuwa amelilea moyoni mpaka likawa na sura na sauti.

"Hakuna fundi mwengine kisiwa kizima hiki?"

"Wapo. Nimekwenda kwa wawili. Mmoja kaniambia niiuze kwa kilo. Wa pili kaniambia itiwe injini ya Pijo nyengine, na hiyo haipo." Mwanakheir akamtazama usoni. "Mkadam ndiye anayebadilisha injini za gari kuukuu, kila mtu anajua. Kama hutaki, sema sasa."

Hapo ndipo Masoud alipokosea. Alitaka kusema sitaki. Akaona atadharaulika, mwanamume mzima kumwogopa mtalaka. Akasema, "Mimi sina neno. Kazi ni kazi."

Pijo ikavutwa mpaka gereji ya Mkadam, Saateni.

Wiki ya kwanza Masoud hakwenda. Alibaki kwenye cherehani yake akimsikiliza mkewe anavyosimulia jioni. Mwanakheir alikuwa na furaha ambayo hakuionesha tangu msiba wa baba yake. Alieleza kwamba injini ya Haisi ni pana kuliko ile ya Pijo, kwa hiyo imebidi wakate chuma cha kati na kuchomea kingine. Alieleza kwamba giaboksi ni ndefu, propela itafupishwa. Maneno haya Masoud hakuwahi kuyasikia kinywani mwake, na kila neno lilipotoka yeye aliliona lina alama ya grisi ya mkono wa mtu.

"Umekuwa fundi," akasema.

"Mkadam anasema ninashika haraka."

Masoud akaisukuma sahani.

Siku iliyofuata Mwanakheir alipika chakula cha mafundi. Si ajabu, mwenye gari hupeleka chakula, ndiyo ada. Masoud alisimama mlangoni mwa jiko akimtazama anapakia: wali wa nazi, mchuzi wa papa, na kibakuli cha achari ya mbilimbi. Nyumbani kwao achari ya mbilimbi haikuwa ikiliwa. Masoud ilimletea kiungulia, na mkewe mwenyewe hakuipenda.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Ya chakula."

"Nani anayeipenda?"

Mwanakheir alifunga kile kibakuli bila ya kugeuka. "Masoud, mtu niliyemlisha miaka nitakuwa nimesahau anachokula? Kujua si kutaka."

Jibu lilikuwa la haki. Lakini Masoud hakushika ila lile neno miaka. Alasiri ile akafunga duka, akachukua mkoba wake wa vitambaa, akaenda Saateni.

Gereji ilikuwa banda la mabati na uwanja wa mchanga mweusi kwa oili. Pijo imeinuliwa juu ya magogo, boneti imetolewa, na injini inaning'inia kwa mnyororo juu yake. Mkadam alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyeanza kuota mvi. Aliosha mikono kwa sabuni ya unga kabla ya kumpa Masoud salamu.

"Karibu, sheikh. Keti. Hapo pasafi."

Akamtandikia gazeti juu ya tairi, kanzu isichafuke. Ule uungwana ulimkera Masoud kuliko tusi. Akaketi. Mchomeaji, jina lake Kheir, mtu mfupi wa Tumbatu mwenye kucheka ovyo, alikuwa chini ya gari. Mwanakheir alisimama upande wa pili, ameshika taa, akimmulikia Mkadam anapopeleka injini mahali pake polepole.

"Kushoto kidogo, Mwana," Mkadam akasema. "Hapo hapo."

Masoud alihisi kama amepigwa kofi. Mwana. Yeye alimwita mkewe Mwana chumbani tu, wakiwa wawili, na miaka yote alidhani jina hilo amelibuni yeye. Kumbe alikuwa akivaa nguo ya mtu mwengine. Alimtazama mkewe kama atashtuka, kama ataona haya. Mwanakheir hakusikia hata. Alikuwa ameinama juu ya injini, jicho limekaza, meno yameuma ncha ya mtandio.

Toka siku hiyo Masoud akawa anakwenda kila alasiri. Kanzu za watu zikalala bila pindo. Alikaa juu ya tairi lake, hana analolifanya, akihesabu nani kacheka na nani kamwangalia nani. Hakuona ubaya. Angeuona ungemponya. Aliona watu watatu wanaifanya kazi ngumu na kuipenda, naye hayumo.

Mwisho ikabakia kazi ya waya. Mkadam alitoa kisanduku cha bati, chembamba, hakijai viganja viwili. "Hii ndiyo kontroli boksi," akamweleza Mwanakheir. "Injini za zamani zilikuwa hazina. Hii ndiyo inayoiamrisha injini iwake lini na inywe petroli kiasi gani. Imezaliwa pamoja na ufunguo wake huu. Ukitia ya gari nyengine, haikujui, haiwaki." Akaizungushia gazeti, akaiweka kwenye kiti cha dereva. "Leo tumalize waya za taa. Kesho naifunga boksi, na Mwana ataiwasha mwenyewe."

Mwanakheir alicheka kwa furaha, akaaga, akenda sokoni. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Mafundi wakanawa, wakatoka. Mkadam akamwita Masoud, Masoud akainuka kama anayeondoka, akajibu kwamba atasali Mchangani.

Akabaki peke yake na ile pikapu. Akaenda kwenye dirisha la dereva, akaona lile gazeti juu ya kiti. Baadaye alijaribu kukumbuka alikuwa anataka nini hasa, asipate. Hakutaka kuivunja. Hakutaka kumdhuru mtu. Alitaka tu kesho isiwe, mkewe asiketi kwenye kiti kile na kumgeukia Mkadam kwa uso ule. Akanyoosha mkono, akaichukua boksi, akaitia mkobani chini ya vitambaa, akenda zake. Mchangani akaifukia kwenye sanduku la mabaki ya nguo.

Kesho yake Mwanakheir alirudi nyumbani adhuhuri, macho mekundu.

"Boksi imeibwa," akasema. "Gereji nzima imepinduliwa. Na Mkadam kamfukuza Kheir."

"Kheir? Kwa nini Kheir?"

"Jana hakwenda msikitini na wenzake. Aliondoka mapema, ana mfuko. Yeye anasema alikuwa anampelekea mamake dawa. Zamani aliwahi kutuhumiwa wizi wa betri kwenye gereji nyengine, basi watu wameunganisha. Kaapa mpaka kalia, Masoud. Mtu mzima kalia mbele yetu." Akakaa chini. "Na bamvua limepita, kinamama wameshavuna. Mwani umeshakauka, na mawingu yale unayaona."

Masoud alipaswa kusema pale pale. Badala yake akasema, "Si nilikwambia? Umwachie Mkadam gari yako, hayo ndiyo yake."

"Hukuniambia kitu," Mwanakheir akamjibu. "Ulisema huna neno."

Alhamisi Masoud akaenda Saateni na mkewe, kwa kuogopa kutokwenda. Walimkuta Kheir amesimama katikati ya uwanja, amevaa kanzu safi na kofia, kama aendaye harusini. Mafundi wa gereji za jirani walikuwa wamekusanyika.

"Sikuja kuomba kazi," Kheir alimwambia Mkadam. "Nimekuja kuomba kisomo. Kesho baada ya Ijumaa aitwe Maalim Khatib, isomwe Halbadiri hapa hapa. Aliyechukua, Mungu amdhihirishe. Kama ni mimi, nioze mkono huu. Nami nitakuwa wa kwanza kuitikia amin."

Halbadiri si jambo la kufanyiwa mzaha Unguja. Wako wanaohama nyumba wakisikia tu inataka kusomwa. Mkadam aliinamisha kichwa. "Isomwe," akasema.

Masoud hakulala vizuri, na si kwa hofu ya kisomo peke yake. Alipofumba macho hakumwona Mkadam, wala Mwanakheir. Alimwona Kheir na ile kanzu yake, na jicho la ushonaji likamwambia kwamba ilikuwa imelegea mabegani, kanzu ya kuazima.

Ijumaa, mikeka ilikuwa imetandikwa kando ya Pijo. Maalim Khatib ameketi, ubani unafuka. Mwanakheir na wanawake wawili wa jirani wamekaa pembeni kwenye kivuli cha banda. Masoud alifika wa mwisho. Hakuketi. Aliingiza mkono mkobani, akatoa kile kisanduku kimezungushiwa kitambaa cheupe cha kanzu, akakiweka mkekani mbele ya Maalim.

"Msisome," akasema. "Mimi ndiye niliyeichukua."

Kheir ndiye aliyeinuka, akaja mpaka karibu naye, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kushangaa.

"Sheikh Masoud, mimi nilikukosea nini?"

"Hukunikosea kitu."

"Nyumbani kwangu mke wangu hatoki kwa aibu. Hasidi hana sababu, wanasema. Lakini wewe unayo. Iseme."

Masoud aliwatazama wale watu wote. Mkadam alikuwa anatazama chini. Mwanakheir alikuwa anamtazama yeye tu, na Masoud akajua kwamba keshaelewa, kabla hata hajafungua kinywa.

"Wivu," akasema.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Maalim Khatib akafunga kitabu chake taratibu, akamwombea kila mtu dua fupi, akavaa viatu. Mkadam akamwendea Kheir, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuhukumu kwa mfuko." Kheir akaitikia kwa kichwa. Halafu Mkadam akaiokota boksi, akaitazama kama haijapinda mahali, akaingia garini kuifunga. Hakumwambia Masoud neno moja, wala hakumtazama kwa ukali. Masoud angelipenda kupigwa.

Kazi haikuchukua muda. Mwanakheir akaketi nyuma ya usukani, akatia ufunguo. Injini ikawaka mara ya kwanza, ikanguruma laini, kama si ya gari ile. Kheir, pamoja na yote yaliyompata, akapiga kofi kwa furaha. Mwanakheir hakucheka. Alimshukuru Kheir, akamshukuru Mkadam, kisha akamwambia mumewe kwa dirisha:

"Nakwenda Jambiani kupakia mwani kabla ya mvua. Nitakaa kwa mama. Wewe una kazi na Kheir kwanza. Usinifuate kabla hujaimaliza."

Pikapu ikatoka uwanjani, ikapinda, ikaenda. Masoud aliisikia mpaka ilipochanganyika na gari nyengine.

"Nifanye nini?" akamwuliza Kheir.

Kheir akafikiri. "Kwa ajili ya Mungu nimekusamehe sasa hivi. Kwa ajili yangu, bado. Nilitangazwa mwizi kwenye gereji zote za hapa. Zipitie zote. Kila mlango useme ulichosema hapa. Na wakikuuliza sababu, uitaje."

Basi Masoud akazipita. Alianza Saateni, akamaliza Kwa Mchina, kanzu yake ikiburuza mchanga wenye oili. "Kheir hakuiba. Nimeiba mimi." Wengine walimsikiliza kwa heshima, wakamsifu kwa kusema kweli. Wengine walimtania. "Wivu wa nini, sheikh? Wa injini?" Na yeye akajibu, "Wa mke wangu," na vicheko vikamsindikiza mpaka mlango wa pili. Jioni mteja mmoja aliyekwisha kupimwa kanzu ya harusi alikuja dukani kukichukua kitambaa chake. Masoud akamkunjia, akampa.

Jumapili akaenda Jambiani. Alimkuta Mwanakheir uani kwa mamake, anashindilia mwani mkavu kwenye magunia kwa miguu. Masoud akamwamkia mkwewe, "Shikamoo, mama," akaitikiwa marahaba ya mkato. Bi kizee akaingia ndani, akawaachia ua.

Masoud akavua viatu, akashika mdomo wa gunia ukae wazi. Wakalijaza gunia zima.

"Nimezipita zote," akasema mwisho.

"Nimesikia. Habari zako zimefika kabla yako." Mwanakheir akafunga gunia kwa kamba. "Hukuniuliza hata siku moja kwa nini niliachana na Mkadam."

"Niliogopa jibu."

"Ulidhani utasikia nini? Kwamba alinikataa, na mimi bado nampenda?" Akaketi juu ya gunia. "Alikuwa akinifungia mlango, Masoud. Akienda kazini anafunga kwa nje. Nikichelewa kisimani, ananifuata. Kaka yangu akija kunitazama, anauliza kaka gani. Sasa ameshakuwa mtu mzima, kajuta, ameniomba radhi, nami nimempa. Ndiyo maana niliweza kumpelekea gari. Lakini nilitoka katika nyumba ile kwa kukimbia wivu. Nikakutafuta wewe, mpole, msema chini, mtu wa sindano. Sikudhani kama nitaolewa tena na wivu ule ule."

Masoud aliutazama mkono wake umeshika gunia, akauona kama mkono wa Mkadam.

"Ungeniambia," akasema.

"Ungeniuliza."

Mvua ikaanza kwa matone makubwa. Wakainuka wote wawili wakayakimbiza magunia kwenye pikapu, wakalitandika turubali, wakalifunga kamba huku na huku. Walipomaliza wameloa, na Mwanakheir alikuwa anahema.

"Kesho narudi mjini," akasema. "Si kwa kuwa nimeshasahau. Narudi kwa kuwa ni kwangu. Na Jumanne Pijo inarudi gereji, mkanda wa feni unalia, Mkadam aukaze. Unakuja?"

Pale pale Masoud aliusikia wivu ukimpanda tena. Haukuwa umepungua hata chembe. Alimwona Mkadam ameinama juu ya injini, alimwona mkewe ameshika taa, alilisikia lile jina. Mwanakheir alikuwa anamsoma usoni, wala hakuficha kwamba anamsoma.

"La," Masoud akasema. "Wewe nenda. Mimi nina kanzu za watu, nimezilaza siku nyingi."

Mwanakheir hakumsifu. Alikamua ncha ya mtandio wake, akamfungulia mlango wa upande wa abiria aingie, asizidi kuloa.